Ufunguo wa Sanduku U Mkononi mwa Nani?

Katika vijiji vingi vya pwani na vya bara, mchana wa siku moja ya juma ambayo wenyewe wamekwisha kuafikiana, utawakuta wanawake ishirini na ushei wamekaa duara chini ya mwembe, au barazani kwa mmoja wao, na katikati yao pana sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zimeshikwa na watu watatu mbalimbali, na anayelala na sanduku nyumbani kwake si mmoja wa hao watatu. Akikosekana mmoja, sanduku halifunguki, na likifunguka, hufunguka mbele ya macho ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, wahesabuji wawili wakairudia hesabu, kisha wanachama wote huagizwa waikumbuke jumla hiyo hadi mkutano ujao, ili asiyejua kusoma asiwe mtumwa wa daftari la ajuaye. Anunuaye hisa hugongewa muhuri katika kitabu chake, hisa moja muhuri mmoja, wala hapana aruhusiwaye kupita tano kwa siku moja; aliyechelewa hutozwa faini, na aliyeongea kwa simu mkutano ukiendelea naye kadhalika. Mwaka ukitimia sanduku huvunjwa, yaani fedha zote pamoja na faida yake hugawanywa kwa kadiri ya mihuri, na kikundi kikaanza upya bila ya deni wala fununu. Shughuli yote hiyo haina saini ya waziri, wala haina kibao cha rangi kilichochorwa bendera mbili.

Nimeanza na sanduku hili kwa kusudi. Jambo liitwalo ushiriki wa wananchi katika maendeleo, pamoja na ndugu yake mdogo aliyezaliwa juzi aitwaye ubunifu wa kijamii, limezungumzwa katika kumbi nyingi mno na kwa maneno mapana mno, hata msikilizaji akatoka nje akiwa hana cha kushika. Ilhali swali lililomo ndani yake ni lile ambalo kijumbe yeyote wa upatu huulizwa kabla hajapokea senti ya kwanza: fedha zawekwa wapi, nani azihesabuye, na ufunguo u mkononi mwa nani? Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha kwa mambo yaliyotokea, ni kwamba ushiriki hupimwa kwa mizani mbili, ya kwanza ikiwa uwezo wa watu kusema hapana na mradi ukasimama, na ya pili uwezo wao wa kuziona hesabu. Idadi ya waliohudhuria mkutano, na urefu wa mtaro waliouchimba, ni habari za kujazia taarifa tu.

Asili ya utaratibu wa sanduku ni Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kazi pamoja na wanawake wa Kihausa katika vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye werevu. Mapema miaka ya 2000 utaratibu huo ulifika Unguja, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kisha ukaenea huku na huku kwa majina mengi: hisa, kuweka na kukopa, vikoba. Lakini mtu asidhani kwamba wanawake wetu walikuwa wamekaa gizani wakiingojea taa ya Maradi. Upatu ulikuwapo tangu kale, na mchezo wa fedha ulikuwapo, na huko Kenya chama kimesomesha watoto na kuezeka nyumba nyingi kuliko benki kadha wa kadha. Ila upatu ulikuwa na kasoro zake ambazo kila aliyeucheza anazijua: aliyepokea mwanzo aweza kuhama mtaa, aliyefikwa na maradhi katikati ya zamu hana pa kukopa, na fedha huingia na kutoka zisizae kitu. Wageni waliongeza vitu vitatu vidogo, navyo ni kufuli, muhuri na siku ya kuvunja. Jambo lililo kubwa kuliko hayo ni lile ambalo hawakulifanya: hawakutia fedha zao sandukuni. Lau wangalizitia, sanduku lingalikuwa la mfadhili, na mkopo usingalirudi, kwa kuwa fedha ya mgeni watu huihesabu katika mafungu ya bahati, na bahati hairudishwi.

Ili kuufahamu uzito wa jambo hilo, yafaa tutazame kinyume chake, na katika nchi hii ya Tanzania hatuhitaji kwenda mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, serikali yake ilituma wajumbe wachache Tanganyika mwaka 1946, wakazunguka kwa majuma machache, na sehemu kubwa ya nchi wakaitazama kutoka angani. Mwaka uliofuata ukaanza ule mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa pauni milioni 25. Matrekta yaliletwa, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Wagogo wa Kongwa, ambao kalenda yao yote ni kalenda ya mvua isiyokuja, wangaliweza kumwambia mtu yeyote aliyetaka kusikia kwamba ardhi ile kiangazi huwa ngumu kama saruji, na kwamba mvua ya pale haiwekewi ahadi; lakini hapakuwa na mahali katika mpango wote ule ambapo neno la Mgogo lingaliweza kuandikwa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa pamoja nao. Wengi huusimulia mkasa huo kama kichekesho cha mashine. Kwangu mimi ni mkasa wa masikio.

Wala wakoloni hawakukosa habari za ushiriki. Ushiriki walikuwa nao, ila ulikuwa wa amri. Katika milima ya Uluguru, miaka ya 1950, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, kazi ambayo ilifukua udongo usio na rutuba ikauweka juu, na mzigo wake ukawaangukia zaidi wanawake. Mwaka 1955 ikazuka ghasia, mtu akauawa, na matuta yakaachwa. Ilhali katika nchi ile ile, katika milima ya Umatengo huko Mbinga, watu walikuwa wamekwisha kulima kwa vizazi vingi juu ya miteremko mikali kwa kutumia ngoro, ambazo ni vishimo vilivyopangwa mithili ya sega la nyuki: wanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huzifunika kwa udongo, na maji ya mvua hutuama ndani ya kila kishimo badala ya kuuporomosha mlima. Nyasi huoza zikawa mbolea, mahindi na maharage yakapokezana zamu. Hapana mtaalamu aliyewafundisha, na kwa miaka mingi hapana aliyewauliza.

Uhuru ulipokuja, fikra ilibadilika kabisa, angalau katika maandishi. Azimio la Arusha la 1967 liliweka watu mbele na fedha nyuma, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe, na kwamba hawawezi kujiendeleza pasipo kushiriki katika maamuzi. Hoja hiyo mpaka leo haijapata mpinzani wa maana. Lakini msomaji aziweke tarehe hizi kando kando. Huko Ruvuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Litowa na baadaye vijiji vipatavyo 17 vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma walikuwa wanaishi na kulima pamoja kwa hiari yao, wakiwa na shule yao, ambayo fikra zake zilisaidia kuzaa sera ya Elimu ya Kujitegemea, na mikutano yao ya kuamua kazi na mgawo wa mavuno. Huo ndio uliokuwa ujamaa wenyewe, uliosimama kwa miguu yake. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliyokuwa ikitawala ilikivunja chama hicho cha Ruvuma, kwa kuwa kilikuwa na sauti yake na hakikuzoea kupokea maagizo ya wakubwa wa mkoa. Na mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, malori yakapita, na mahali pengine nyumba zikatiwa moto ili wenyewe wasirudi. Mwandishi wa hoja na mtoaji wa amri ni mtu mmoja, naye alikuwa mtu mwadilifu. Na hilo ndilo linalotisha, maana laonyesha kwamba nia njema haimzuii mwenye dola asiwe na haraka.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 1973 ulileta jambo jingine ambalo halikusifiwa kadiri ya haki yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, kwa majuma 12, kwa njia ya redio na vitabu vidogo vya Kiswahili chepesi na vikundi vya kusikiliza, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Kikundi hukusanyika, redio hufunguliwa, kipindi husikilizwa hadi mwisho, kisha redio huzimwa (kuzimwa kwa redio ndiko kiini cha mambo) na watu wakaanza kusemezana: hapa kwetu mbu wazaliwa wapi, maji ya kunywa twayachota wapi, choo cha nani kimeanguka? Kikundi hakikuondoka mpaka kimeamua jambo la kufanya kabla ya kipindi kijacho. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu, madimbwi yakafukiwa. Chombo kilikuwa redio ya mkulima ya betri, na mwalimu alikuwa jirani aliyesoma darasa chache zaidi. Kama huo si ubunifu wa kijamii, basi neno hilo halina maana.

Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa kitovu cha fikra hizi kuliko tunavyokumbuka. Paulo Freire wa Brazili alifika mwaka 1971 kuzungumza na walimu wa watu wazima. Marja-Liisa Swantz wa Ufini, akiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu, alikuwa akifanya utafiti katika vijiji vya Bagamoyo kwa namna iliyomfanya mwanakijiji kuwa mtafiti mwenziwe. Huko Marekani, Sherry Arnstein alikuwa ameandika mwaka 1969 juu ya ngazi ya ushiriki yenye vidato vinane, ambayo kidato chake cha chini ni kulaghaiwa na cha juu ni wananchi kushika hatamu, na katikati mna vidato vya kuarifiwa na kuulizwa maoni, ambako miradi mingi ya dunia imepiga kambi hadi leo. Baadaye akaja Robert Chambers na wenzake, wakiwafunza mabwana shamba kukaa chini, kumpa mkulima kijiti achore ramani ya kijiji chake mchangani, na kunyamaza. Na Februari 1990, mjini Arusha, serikali, mashirika ya wananchi na Umoja wa Mataifa walipitisha mkataba wa ushiriki wa wananchi wa Afrika katika maendeleo, uliosema bayana kwamba taabu ya bara hili haiwezi kutatuliwa kwa hesabu za uchumi peke yake maadamu walio wengi wamefungiwa nje ya maamuzi.

Kisha neno likapendwa, na neno likipendwa na wakubwa lina hatari. Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo, maana lugha yetu imetunza siri ambayo wenye kuitumia ofisini hawakuiona. Kushiriki ni tendo la mwenyewe. Kushirikishwa ni kufanyiwa. Tazama sasa taarifa za miradi: zimejaa ushirikishwaji. Mwananchi ameshirikishwa, kama vile ng'ombe alivyoogeshwa na mtoto alivyochanjwa. Na yule anayeshirikishwa huitwa mlengwa, neno litokalo katika kulenga, ambalo asili yake ni mshale na bunduki. Aletaye fedha ni mfadhili, mwenye fadhila, naye aliyetendewa fadhila hadai hesabu, hushukuru. Sarufi imekwisha kusema yote ambayo wakaguzi husema kwa kurasa mia mbili.

Tuje kwenye maji, ambako hoja hizi zilijaribiwa kwa gharama kubwa kuliko kwingine. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi karibu na nyumba yake, nayo yawe ya bure. Wafadhili waligawana ramani: Waswidi wakachukua mikoa ya Ziwa Viktoria, Wafini wakachukua Mtwara na Lindi, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, na kila mmoja akaja na pampu za kwao, za aina yake, zenye vipuri vyake visivyoingiliana na vya jirani. Mashine za dizeli zilifungwa, mabomba yakalazwa, wanawake wakapiga vigelegele siku ya uzinduzi. Bei ya mafuta ilipopanda, na fedha za kigeni zilipokwisha hazinani, mashine zilisimama moja baada ya moja. Mtu wa kuzitengeneza alikuwa mkoani, gari lake halikuwa na petroli, na mwanakijiji hakuthubutu hata kukaza nati, kwa kuwa mashine ilikuwa ya serikali. Ilipofika 1991 zaidi ya nusu ya watu wa vijijini hawakuwa na maji yale waliyoahidiwa.

Ndipo sera ikapinduliwa. Mwaka 1991, na kwa uwazi zaidi mwaka 2002, ikaamriwa kwamba wanakijiji waunde kamati za maji, wafungue mfuko, wachangie sehemu ndogo ya ujenzi na gharama yote ya uendeshaji, na mradi uwe mali yao. Nani angepinga? Ndilo lile tulilolililia. Lakini tazama namna lilivyokuja: serikali ilikuwa imefilisika, masharti ya wakopeshaji yalikuwa yanabana matumizi, na kukabidhi mradi kwa wananchi kukawa njia ya heshima ya kuutua mzigo. Mwanakijiji ambaye hakuulizwa pampu ya aina gani inunuliwe alipewa sasa umiliki wa pampu mbovu. Nimesimama mara nyingi mbele ya vituo vya namna hiyo: sakafu ya saruji ingali imara, tarehe ya kukabidhiwa imechongwa vizuri, koki imeng'olewa, na mbuzi wamelala kivulini. Ukiuliza kamati iko wapi, utaambiwa mwenyekiti alihamia mjini na mweka hazina haongei na watu. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, takriban 4 katika kila 10 vilikuwa havitoi maji.

Funzo lake halikuwatuza waumini wa upande wowote. Wenye kuamini serikali peke yake walishindwa kabla ya 1991, na wenye kuamini jamii peke yake wakashindwa baadaye, maana pampu ya kuzama katika kisima chenye kina cha mita mia haitengenezwi kwa moyo wa kujitolea. Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilikubali jambo hilo kimya kimya: vyombo vya jamii vikabaki, lakini vikatakiwa kuajiri fundi na mhasibu, na nyuma yao akasimama mhandisi wa wilaya anayelipwa mshahara. Nadhani hapo ndipo pa haki. Mwananchi ashike uamuzi na hesabu. Spana aishike aliyesomea. Watu wa mjini hawaitwi kwenda kuzibua bomba kuu la mji ili wathibitishe kwamba wanalimiliki, wala sioni sababu ya kumdai mwanamke wa kijijini, aliyekwisha kutwa shambani na jikoni, kujitolea ambako mtu wa mjini hadaiwi.

Iko mifano iliyofaulu, na nitataja miwili kwa urefu kidogo kwa sababu inafaulu kwa njia moja. Katika mkoa wa Iringa, tangu 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168. Mizani ilitundikwa kwenye tawi au boriti, kila mtoto mdogo akapimwa kila baada ya miezi mitatu, na uzito wake ukatiwa alama katika kadi mbele ya mama. Hayo si mapya. Jipya lilikuwa njia ya takwimu: kabla hazijapanda wilayani zilisomwa kwanza katika serikali ya kijiji, na wazee waliozoea kujadili ng'ombe na mipaka wakalazimika kujadili ni watoto wangapi wa kijiji chao wamedhoofu, na kwa nini. Hapo ndipo ilipofahamika, mathalan, kwamba tatizo lilikuwa idadi ya milo kuliko upungufu wa nafaka: mama yu shambani toka alfajiri, na tumbo la mtoto mchanga halibebi chakula cha kutwa kwa mlo mmoja. Kijiji kingine kikaanzisha mahali pa kulelea watoto mchana, kingine kikapunguza kazi za wajawazito. Katika muda wa miaka minne hivi watoto waliodhoofu vibaya walipungua kutoka kama asilimia 6 hadi kama asilimia 2. Mizani iliyoipindua hali hiyo ni ile ile iliyokuwa imening'inia zahanati kwa miaka mingi bila ya kumwambia mtu neno.

Mfano wa pili ni Shinyanga. Nchi hiyo ilikatwa miti tangu miaka ya 1920, kwanza kwa kampeni ya kumfukuza ndorobo, kisha kwa mashamba ya pamba na kuni na mifugo mingi. Na Operesheni Vijiji, ile amri ya kuhamia vijijini, iliwaondoa watu penye maboma yao ya asili na malisho waliyokuwa wameyatunza. Kufikia miaka ya 1980 vumbi lilikuwa limetanda mahali palipokuwa msitu wa miombo na migunga, na Nyerere alipopita huko mwaka 1984 alishtuka. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norwe. Wataalamu wakaanza kama waanzavyo wataalamu, kwa vitalu vya miche ya kigeni, na miche ikafa. Jambo lililowaokoa ni kwamba baadhi yao waliacha kusema wakauliza, wakaambiwa habari za ngitili: eneo ambalo Msukuma hulifunga wakati wa masika, nyasi zikue zisiguswe, hata kiangazi kikikaza ndama na maksai wapate cha kula. Miti haikuwa na haja ya kupandwa. Visiki vyake na mizizi yake vilikuwa vingali hai chini ya ardhi, vikingoja kuachwa tu. Sheria za ngitili zilikuwa tayari, katika dagashida, ambao ni mkutano wa jadi wa watu wote, na katika sungusungu waliojua kumtoza faini mchungaji mkaidi. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mitambo ya Kongwa ilikuja na vifaru ikaondoka na vumbi. Shinyanga, neno moja la Kisukuma liliotesha msitu.

Na wakati mwingine ubunifu huwatoka watu bila hata ya kuulizwa. Mwaka 2005, huko Thika na Nairobi, yalifanywa majaribio ya njia ya kurejesha mikopo midogo kwa simu, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka katika idara ya misaada ya Uingereza. Waliopewa simu hizo walizitumia kwa mambo yao: mume akamtumia mkewe, mfanyabiashara akaiacha fedha simuni kwa usalama wa safari, mtu akamlipa mwenziwe. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kurushiana muda wa maongezi kana kwamba ni sarafu. Kampuni ya simu ikawa na akili ya kukubali kwamba wateja wameifahamu bidhaa kuliko yenyewe, na Machi 2007 huduma hiyo ilipozinduliwa kwa jina la M-Pesa ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani, na habari za mikopo midogo zikawekwa kando. Hapo hapakuwa na mkutano wa hadhara wala fomu ya mahudhurio. Palikuwapo uhuru wa kukitumia kitu kinyume cha maelekezo, nao, kwa maoni yangu, ni tawi la ule uwezo wa kusema hapana.

Sasa nisikilize malalamiko ya upande wa pili, ambayo ni ya haki. Jamii si mtu mmoja. Kijiji kina tajiri na fukara, mwenyeji na mhamiaji, ukoo uliozoea kuketi mbele na ukoo uliozoea kusimama mlangoni. Ukisema wananchi waamue, huenda umesema wazee watano waamue. Ngitili za Shinyanga nyingi zilikuwa za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi alinufaika kuliko asiye na ng'ombe. Sungusungu wamewahi kumwonea mtu pia, hususan mkongwe aliyetuhumiwa uchawi. Hata sanduku la kufuli tatu lina mlango mwembamba: mwanamke asiye na uhakika wa hisa moja kwa juma haingii, au huingia akatoka kwa aibu. Na wenye kukusanya maoni ya vijiji kwa utaratibu, kama mpango ule wa fursa na vikwazo ulioletwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo kijiji hukaa siku tisa kikiandika mahitaji yake, wamejionea namna orodha ndefu inavyopanda wilayani na bajeti fupi inavyoteremka, mpaka watu wakaamua kwamba siku tisa ni siku tisa za kupalilia zilizopotea. Yote hayo nayakubali. Lakini dawa yake sioni kuwa ni kurudi kwa mwenye ndege aitazamaye nchi kutoka angani. Tajiri wa kijijini aweza kuulizwa barazani na jirani zake, ilhali yule wa angani anwani yake haijulikani.

Ndiyo maana narudi kwenye sanduku. Katika miradi yote iliyofaulu niliyoitaja, na katika mingine niliyoiacha kwa ufupi wa nafasi, kama ule wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kwale, nchini Kenya, ambako tangu 2013 wanakijiji huuza hewa ya kaboni ya hekta 117 za mikoko na kuamua wenyewe fedha hizo ziingie katika maji au shule, kinachofanana ni kwamba habari na fedha zilipita mikononi mwa watu kabla hazijapita kwa wakubwa wao. Na katika mingi iliyokufa, ukichimba chini utaikuta hati moja, mkataba baina ya mfadhili na serikali au shirika, ulioandikwa kwa lugha ambayo hapana hata mmoja wa kamati aisomaye, nao umefungiwa katika kabati ya ofisi iliyo safari ya siku moja. Mwanakijiji ameambiwa mradi ni wake. Bei ya koki hajaambiwa.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa bwana au bibi wa mradi atakayeyasoma haya. Kabla hujawaita watu kuchimba mtaro, mpelekee mtendaji wa kijiji nakala ya bajeti nzima, kwa Kiswahili, pamoja na mshahara wako na mafuta ya gari lako, uibandike mahali penye kivuli ambapo watu hukaa, kisha uondoke kwa juma moja. Ukirudi, uliza kama bado wanautaka mradi. Wakisema hapana, geuza gari.